Nyama ngumu inataka saa, haimtaki mlinzi

Kilo ya nyama ya mchanganyiko ya ng'ombe wetu wa kienyeji haina haraka. Ukiibandika kwenye mkaa saa saba mchana, utaipakua saa kumi, na hapo ni kama moto haukuzimika na maji hayakukauka. Bei ya nyama hiyo tunaijua. Ya mkaa tunaijua, na ya gesi tunaijua mpaka shilingi ya mwisho. Tusichokihesabu ni saa tatu za mtu aliyekaa na sufuria: aliyepepea, akafunua, akaongeza maji, akageuza, akafunika, akaenda kuanika nguo na kurudi mbio kwa sababu amesikia harufu.

Mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke, na mara nyingi ni mtoto. Ni mama aliyerudi kazini na kuanza zamu ya pili. Ni dada wa kazi mwenye mambo mengine kumi ya kufanya mchana huo. Ni binti wa darasa la nne anayeachiwa mdogo wake mgongoni na maneno mawili: angalia mchuzi. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu hapa Dar es Salaam imekuwa wodi ya watoto. Watoto wadogo wanaoletwa kwetu wameungua, wengi hawakuunguzwa na moto wenyewe. Wameunguzwa na kilichokuwa motoni: uji, chai, maji ya kuoga, maharage, mchuzi. Jiko liko sakafuni au barazani, sufuria imekaa juu ya mafiga matatu ya chuma, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika chochote kilicho mbele yake. Kadiri sufuria inavyokaa pale saa nyingi, ndivyo hatari inavyokaa saa nyingi.

Kwa hiyo nasema wazi ninachotaka. Nataka mchuzi wa nyama ngumu utolewe mikononi mwa binti huyo na kukabidhiwa chungu cha umeme kinachopika taratibu, kile ambacho madukani wanakiita slo kuka. Nataka kihesabiwe miongoni mwa vyombo vya nishati safi tunavyovinadi kila siku, kwa sababu vingine vyote tunavyonadi vinaokoa mkaa, na hiki kinaokoa pia mchana wa mtu.

Kwa asiyekijua, chombo chenyewe hakina maajabu. Ni bakuli zito la kauri lililokaa ndani ya ganda la chuma. Kati ya bakuli na ganda umezungushwa waya unaopata moto kidogo, na juu kuna mfuniko, mara nyingi wa kioo. Mbele kuna swichi ya kuzungusha: moto mdogo, moto mkubwa, na kwenye vingi sehemu ya tatu ya kuhifadhi joto. Changu ni cha lita tatu na nusu, na chini yake kimeandikwa wati 200. Pasi ya kawaida hupita wati 1,000. Chungu hiki kinachukua saa kadhaa kufika karibu na kiwango cha maji kuchemka, kisha kinakaa hapo, kinatokota kwa mbali bila kupasua povu, saa nane au tisa mfululizo. Maji hayakauki kwa sababu mvuke unagonga mfuniko na kurudi. Chakula hakishiki chini kwa sababu moto hauko chini peke yake, umekizunguka.

Hapo ndipo nyama yetu inapopata haki yake. Ng'ombe wengi wa Tanzania ni wa asili, wale wadogo wenye nundu, waliokua wakitembea kutafuta majani na maji. Wanaofika mnada wa Pugu wametoka mbali, Shinyanga, Singida, Dodoma na kwingineko, na wengi hawakuwa ndama. Wanachinjwa usiku, na asubuhi nyama inaning'inia buchani ikiwa bado na uvuguvugu. Haikupata siku za kupumzika kwenye baridi ili ilainike yenyewe. Mnyama aliyetembea na kuzeeka ana kolajeni nyingi iliyokazana, ile tishu nyeupe inayoshikanisha misuli na mifupa. Ukiipa moto mkali kwa nusu saa inajikunja na kukamua maji yote ya nyama, nawe unabaki unatafuna kamba. Ukiipa joto la kuanzia nyuzi 70 hivi, ikakaa humo na majimaji kwa saa nyingi, inayeyuka na kuwa jelatini. Jelatini hiyo ndiyo inayofanya mchuzi uwe mzito bila unga, ugande ukiachwa kwenye friji, na midomo inate kidogo baada ya kunywa supu ya kongoro.

Ndiyo maana mtu akiniambia amenunua steki kwa ajili ya kupikia taratibu, namwambia airudishe. Steki haina kolajeni ya kutosha. Saa nane zitaigeuza makapi. Nenda kwa muuza nyama umwombe kidari, muundi, shingo, mbavu, mkia. Mwambie usikatiwe vipande vidogo vya kufanana na karanga kama wanavyozoea, bali vipande vya nusu ngumi. Nyama hizo ndizo zenye bei nafuu, na ndizo zinazokwepwa siku hizi. Naona majirani zangu wanaofanya kazi wakizipita na kuchukua maini au nyama ya kusaga, si kwa kuwa wanazipenda zaidi, bali kwa kuwa zinaiva kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Tunalipa zaidi kwa nyama yenye ladha ndogo kwa sababu nyumbani hakuna mtu wa kukaa na ile yenye ladha kubwa.

Nyumbani kwangu kazi inaanza usiku. Mume wangu anakata nyama na kuipaka chumvi, tangawizi na kitunguu saumu kilichotwangwa, na pilipili manga, kisha anaifunika na kuiweka kwenye friji. Mimi namenya viazi na karoti, viazi navilowesha majini visibadilike rangi. Asubuhi ninapoamka kuandaa watoto, naweka sufuria kwenye gesi, mafuta vijiko viwili, na nyama inaingia vipande vichache kwa wakati mmoja mpaka ishike rangi ya kahawia pande zote.

Hatua hii wengi wanairuka, na kisha wanalaumu umeme. Wanasema mchuzi wa chungu cha umeme umepooza, hauna ladha ya mkaa. Ladha wanayoikumbuka si ya mkaa. Ni ya nyama na kitunguu vilivyokaangika, na ukaangaji huo unahitaji joto linalozidi sana la maji kuchemka. Chungu hiki hakifiki huko na hakitafika kamwe, hata ukikiacha siku nzima. Basi ipe nyama dakika kumi za sufuria na gesi. Toa nyama, kaanga vitunguu viwili vikubwa humo humo mpaka vilainike na kuanza kuwa vya dhahabu, tia binzari nyembamba iliyotwangwa, kijiti cha mdalasini, nyanya tatu zilizosagwa na kijiko cha nyanya ya kopo. Acha mpaka mafuta yajitenge. Mimina kikombe kimoja cha maji ya moto na ukwangue chini ya sufuria, maana kile kilichoshika pale ndicho chenye utamu wote.

Viazi na karoti vinakwenda chini ya chungu na pembeni, karibu na joto, kwa sababu katika moto huu wa taratibu mboga ngumu huchelewa kuiva kuliko nyama, na nyanya inavichelewesha zaidi. Nyama inakaa juu, halafu rojo. Maji yafike nusu ya nyama, yasiizamishe. Hili ni gumu kwa mtu aliyezoea mkaa, ambaye mkono wake unamimina maji kwa ajili ya yale yatakayokauka. Humu hayakauki, nyama na nyanya zitatoa mengine. Ukimimina kama ulivyozoea, utapata supu. Nafunika, nawasha moto mdogo saa kumi na mbili, na tunatoka.

Halafu usikifunue. Kila ukifunua joto linatoroka, na chungu chenye wati 200 kinahitaji dakika ishirini au zaidi kulirudisha. Mwanangu wa darasa la sita anaporudi saa tisa, kazi yake ni kuzungusha swichi kwenda kwenye kuhifadhi joto, bila kufunua, kisha anaendelea na kitabu chake. Mimi nikifika jioni naongeza vilivyobaki: majani ya giligilani, pilipili hoho, na ndimu. Kama siku hiyo tunataka cha nazi, tui zito linaingia mwisho, nusu saa kabla ya kula, kwa kuwa tui likikaa saa tisa linakatika. Ndizi mshare nazo nazitia baadaye. Zikianza na nyama zinavurugika. Ila kwa mtori huko kuvurugika ndiko tunakokutaka, na kidari kilichopikwa hivi kinasagika pamoja na ndizi kwa mwiko tu, mifupa ikishatolewa.

Kuna wanaoona kuuacha mchuzi na kuondoka ni uvivu. Nimelisikia likisemwa na watu ninaowaheshimu, na nawajibu kwa heshima kwamba upishi wa kuacha chungu na moto wake ni wa kwetu tangu zamani. Mimi nimekulia Tanga. Bokoboko la harusi, ngano na nyama, lilikuwa linakaa motoni mpaka usiku wa manane, kuni zikivutwa nje moja moja ili moto upungue. Waarabu wa Oman wanalo lile lile kwa jina la harisi, na wana shuwa pia, nyama inayofukiwa shimoni na makaa na kuachwa humo kutwa kucha. Wauza supu wa Dar es Salaam wanabandika makongoro usiku ili yawe tayari alfajiri. Watu hawa wote wanajua kwamba nyama ngumu inataka saa. Kilichokuwa kinakosekana ni moto usiohitaji kuangaliwa na usio na madhara. Maana jiko la mkaa huwezi kulilaza ndani ya nyumba: hewa yake ya sumu haina harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi kwenye mikoa ya nyanda za juu tunasikia habari za familia zilizoingiza jiko chumbani na hazikuamka. Nawasihi wasomaji, hata kwa ajili ya chungu kimoja cha kongoro, msifanye hivyo.

Chombo chenyewe kilizaliwa kutokana na hitaji kama letu. Mvumbuzi wake, Irving Naxon, alikuwa Myahudi wa Marekani aliyeishi Chicago, na familia ya mama yake ilitoka Lithuania. Mama huyo alimsimulia jinsi kule Vilnius kila Ijumaa jioni, kabla ya Sabato kuingia na kuwasha moto kuwa haramu, walivyokuwa wakipeleka chungu cha nyama, maharage na viazi kwenye tanuri la mwoka mikate. Tanuri lilikuwa limezimwa lakini bado lina joto, na chungu kililala humo mpaka kesho yake. Naxon akatengeneza chungu chenye joto lake mwenyewe, akapata hataza mwaka 1940. Kwa miaka mingi kilijulikana kama chombo cha kupikia maharage tu. Kampuni ya Rival iliinunua biashara yake mwaka 1970, na mwaka 1971 ikakitoa upya kwa jina la Crock-Pot, wakati ambapo wanawake wengi wa Marekani walikuwa wanatoka majumbani kwenda kuajiriwa. Kikauzwa kwa mamilioni. Hawakukinunua kwa sababu walipenda mchuzi kuliko sisi. Walikinunua kwa sababu mama hayupo nyumbani saa nane mchana, na sisi leo tuko pale pale.

Sasa tuzungumze fedha, kwa sababu najua msomaji ameshaanza kupiga hesabu. Wati 200 kwa saa tisa ni chini ya uniti 2, na kwa moto mdogo ni pungufu ya hapo. Nyumbani kwetu LUKU ya shilingi 10,000 inatupa uniti 28 hivi, kwa hiyo sufuria nzima ya mchuzi wa watu sita haifiki shilingi 700 za umeme. Jiko la koili la wati 1,500 kwa saa mbili na nusu linaweza kula mara mbili yake. Kwa wale wa matumizi madogo, wasiopita uniti 75 kwa mwezi na wanaouziwa kwa bei ya chini sana, gharama inashuka zaidi. Wachunge tu kwamba kupika mara mbili kwa wiki ni kama uniti 16 kwa mwezi, wasije wakavuka mstari na kupoteza bei yao.

Jiko la presha la umeme linakula pungufu zaidi. Ni kweli na sitalificha. Nyama ile ile linaivisha kwa muda wa saa moja hivi na halimalizi uniti moja. Kwa maharage makavu ni bora kuliko chungu changu, na kwa anayerudi nyumbani saa kumi na mbili bila kuandaa chochote ni mkombozi. Ninachokataa ni hali ya sasa, ambapo ukizunguka Kariakoo unaonyeshwa presha kila duka, na ukiulizia cha taratibu unaangaliwa kwa mshangao. Mauzo yote ya vyombo vya umeme yamejengwa juu ya neno haraka. Haraka inamfaa mtu aliye nyumbani. Aliyeko kwenye daladala Mbagala saa kumi na moja jioni hapungukiwi na dakika tu. Anapungukiwa na mtu wa kuanza kupika kabla hajafika. Na mwenye presha ya kisasa aangalie vitufe vyake vizuri: nyingi zina kitufe cha kupika taratibu ambacho hakijawahi kubonyezwa.

Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuzifikisha kaya asilimia 80 kwenye nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huo huo alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris ambako ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya nishati safi ya kupikia Afrika. Naunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote. Nimeona vifua vya watoto waliolelewa kwenye moshi. Lakini nyumba nyingi ninazozijua zina mtungi wa gesi na bado zina gunia la mkaa nyuma ya mlango, na ukiuliza mkaa ni wa nini utajibiwa: wa maharage na nyama. Gesi ni ya chai na mayai. Hakuna anayethubutu kuiacha gesi iwake saa tatu kwa ajili ya muundi. Kwa hiyo chakula kinachochukua muda mrefu ndicho kinachobaki kwenye mkaa, na ndicho kinachoteketeza mkaa mwingi kuliko vyote. Mkakati usipokigusa chakula hicho, mtungi utakaa jikoni kama pambo na misitu ya Pwani na Morogoro itaendelea kufika mjini kwa magunia. Vyombo vya kupika taratibu viingizwe kwenye orodha ya vyombo vinavyopewa ruzuku na vinavyokopeshwa kwa marejesho ya kidogo kidogo, bega kwa bega na presha na gesi.

Yapo masharti, na kama muuguzi nitakuwa mkali kidogo. Maharage mekundu makavu usiyatie kwenye chungu hiki moja kwa moja. Yana sumu inayovunjwa na kuchemka kwa nguvu, na joto la taratibu haliivunji. Mtu anatapika na kuharisha ndani ya saa chache. Yaloweke, yamwage maji, yachemshe sana kwenye sufuria angalau dakika kumi, mimi nafika nusu saa, ndipo yaingie. Nyama iliyoganda usiitie ikiwa barafu, kwa kuwa itakaa saa nyingi kwenye uvuguvugu ambao vijidudu wanaupenda. Iyeyushe usiku kwenye friji. Bakuli la kauri nalo usilitoe kwenye friji na kuliweka kwenye moto hapo hapo, litapasuka.

Umeme ukikatika je? Hili ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kila mara, na ni swali la haki. Ukiwepo nyumbani, hamishia mchuzi kwenye gesi mara moja, umalizie huko. Usipokuwepo, unahitaji kujua umekatika kwa muda gani. Sisi tumeweka kando ya chungu saa ya mezani ya mishale, ya umeme na isiyo na betri. Umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, hivyo nikifika naona ni saa ngapi zimepotea. Mchuzi uliokuwa haujaiva na ukakaa bila moto zaidi ya saa mbili unamwagwa, hata kama umerudi kutokota na unanukia vizuri. Inauma, najua bei ya nyama. Lakini sumu nyingine zinazoachwa na vijidudu haziondoki kwa kuchemsha tena. Na kabla ya kutoka asubuhi, angalia salio la LUKU.

Chungu chenyewe kikae mezani, nyuma kabisa, waya usining'inie mbele. Ganda lake linapata joto la kuunguza mkono, na mtoto akivuta waya yale yale niliyoyaeleza ya wodini yatamfika. Kwa wanaoletewa vyombo na ndugu wa nje, soma maandishi ya chini kabla ya kuchomeka. Changu alikileta wifi yangu anayeishi Muscat, na volti zao na plagi zao zinaoana na zetu, kama ilivyo kwa Uingereza. Cha kutoka Marekani ni cha volti 120. Ukikichomeka kwenye soketi ya hapa bila transfoma kinaungua siku hiyo hiyo.

Na asiye na umeme hajaachwa. Kina mama wengi wa Kenya wanatumia kapu la kupikia, kapu kubwa lililotandikwa ndani mito ya nguo au sponji. Mchuzi unachemshwa kwa nguvu nusu saa, sufuria ikiwa imejaa na imefunikwa vizuri, kisha inazikwa ndani ya kapu na kufunikwa kwa mto. Joto linabaki, nyama inaendelea kulainika saa nne au tano bila moto wowote, na kabla ya kula unachemsha tena mpaka itokote. Fundi cherehani yeyote mtaani anaweza kulishona kwa vipande vinavyomwagwa.

Limebaki jambo moja ambalo serikali haiwezi kulimaliza kwa ruzuku, nalo liko mikononi mwa wenye nyumba. Wapangaji wengi wa mjini wanaishi vyumba sita kwa mita moja, na sharti la kwanza la upangaji ni kwamba jiko la umeme ni marufuku. Nalielewa sharti hilo. Limewekwa kwa ajili ya koili zinazokula uniti za nyumba nzima na kuunguza nyaya. Lakini linakikumba pia chungu kinachotumia umeme mdogo kuliko jokofu la soda lililoko kibarazani kwa mwenye nyumba mwenyewe. Ndugu zangu wenye nyumba, pindueni chombo msome wati kabla ya kusema hapana. Chenye 200 kiruhusuni. Mpangaji naye alipie matumizi yake juu ya mgawo wa kawaida, na hesabu yake haina ugomvi: zidisha wati kwa saa alizopika, gawanya kwa 1,000, utapata uniti anazodaiwa.